Ufashisti ni Nini? Somo kutoka Italia, Ethiopia na Kanisa

Utangulizi

Katika mabishano ya siasa neno "fashisti" hurushwa kama jiwe. Kiongozi mkali huitwa fashisti, polisi wanaotembeza virungu huitwa mafashisti, na hata mpinzani ambaye hatumpendi tu humalizwa kwa neno hilohilo. Neno likitumika kwa kila ubaya, mwishowe halitusaidii kuutambua ubaya wowote. Siku ufashisti wenyewe ukibisha hodi, tutakuwa tumeshalichosha jina lake.

Katika makala haya tunataka kueleza ufashisti ni nini hasa, ulizaliwaje nchini Italia, una ndugu gani, na Kanisa lilikutana nao vipi. Hatutaficha kwamba kuna mahali Wakatoliki walisimama imara, na mahali walipoinama. Historia hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani, kwa sababu baadhi ya matendo mabaya kabisa ya ufashisti yalitendeka kwa majirani zetu wa Ethiopia.

1. Jina na kuzaliwa kwake

Neno hili linatokana na neno la Kiitaliano "fascio", maana yake fungu la vitu vilivyofungwa pamoja. Katika Roma ya kale, watumishi waliotangulia mbele ya watawala walibeba fungu la fimbo lililofungwa pamoja na shoka. Fimbo zilikuwa za kuchapa, na shoka la kukata kichwa. Hiyo ndiyo alama waliyoichagua wafashisti. Sisi nasi tunasema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Tofauti ni kwamba katika fungu lile hakuna fimbo inayoulizwa kama inataka kufungwa, na shoka limo ndani tayari.

Italia ilitoka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia upande wa washindi, lakini ikiwa imechoka. Askari wake wapatao 600,000 walikuwa wamekufa. Bei zilipanda, waliorudi kutoka vitani hawakupata kazi, na mwaka 1919 na 1920 migomo ilienea viwandani na mashambani. Matajiri waliogopa kwamba mapinduzi ya Urusi yangefika kwao.

Katika hali hiyo alijitokeza Benito Mussolini, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la chama cha kisoshalisti na kufukuzwa chamani mwaka 1914 kwa kuunga mkono vita. Tarehe 23 Machi 1919, mjini Milano, alianzisha vikundi vyake vya mapambano. Vijana wake, waliovaa mashati meusi, walichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na za ushirika, wakawapiga viongozi wa wakulima na kuwanywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu ili kuwadhalilisha. Wenye mashamba makubwa waliwapa fedha, na polisi mara nyingi walitazama pembeni.

Hapa tuwe waangalifu. Wengi hudhani Mussolini aliuteka utawala kwa nguvu. Katika uchaguzi wa mwaka 1921 wafashisti walipata wabunge 35 tu kati ya 535. Walipoandamana kwenda Roma mwishoni mwa Oktoba 1922, jeshi lilikuwa na uwezo wa kuwazuia. Lakini Mfalme Vittorio Emanuele III alikataa kutia sahihi amri ya hali ya hatari, akamwita Mussolini aunde serikali. Mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kutoka ndani, na watu walioamini kwamba wangemtumia kisha wamweke kando.

Yaliyofuata yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1923 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili orodha itakayoongoza, ikifikisha robo ya kura, ipate theluthi mbili za viti. Mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni tarehe 30 Mei 1924 na kueleza vitisho vilivyotumika katika uchaguzi wa mwaka huo. Siku kumi na moja baadaye alitekwa na kuuawa. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini alitamka bungeni kwamba anabeba mwenyewe wajibu wa yote yaliyotokea, na hakuna aliyemgusa. Kufikia mwisho wa mwaka 1926 vyama vingine vilikuwa vimepigwa marufuku, magazeti yamefungwa mdomo, na mahakama maalumu imeundwa kwa ajili ya wapinzani.

2. Ufashisti unafundisha nini?

Tofauti na ukomunisti, ufashisti haukuanza na kitabu kikubwa. Ulianza na matendo, na maelezo yakaja baadaye. Maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 1932 katika kamusi elezo ya Kiitaliano chini ya jina la Mussolini, ingawa sehemu yake ya kwanza iliandikwa na mwanafalsafa Giovanni Gentile. Tukiyaweka mafundisho hayo pamoja na matendo, tunaona alama hizi:

Kwanza, dola ni yote. Mtu binafsi, familia, chama cha wafanyakazi, parokia, vyote vina thamani kwa kadiri tu vinavyoitumikia dola.

Pili, taifa linahubiriwa kama mgonjwa anayepaswa kuzaliwa upya. Kulikuwa na enzi ya utukufu (kwa Italia ilikuwa Roma ya kale), ikaja aibu, na sasa kiongozi ataurudisha utukufu ule.

Tatu, kiongozi hakosei. Anadai utii uliotangulia kufikiri.

Nne, nguvu na vita vinatukuzwa. Amani ya kudumu inaonekana kuwa ni udhaifu, na huruma ni tabia ya wanyonge.

Tano, lazima awepo adui wa ndani wa kulaumiwa kwa kila tatizo.

Sita, watoto ni mali ya dola. Mwaka 1926 uliundwa umoja wa Balilla ili kuwafundisha watoto gwaride, nyimbo na utii kwa kiongozi.

Katika uchumi, viwanda vilibaki mikononi mwa wenyewe, lakini vyama huru vya wafanyakazi vilifutwa na migomo ikawa kosa la jinai. Waajiri na wafanyakazi waliwekwa katika mabaraza ya pamoja yaliyoongozwa na serikali. Kwa jina ulikuwa upatanisho wa matabaka, lakini mwajiri alibaki na sauti yake na mfanyakazi akapoteza ya kwake.

Kwa hiyo si kila udikteta ni ufashisti. Dikteta wa kawaida hutosheka watu wakikaa kimya majumbani mwao. Ufashisti hautosheki na ukimya. Unataka watu watoke, wavae sare, waimbe na waamini. Unaidai dhamiri, na ndiyo maana hauwezi kuepuka kugongana na imani.

3. Ndugu na majirani wa ufashisti

Ndugu mkubwa ni unazi wa Ujerumani, ulioingia madarakani tarehe 30 Januari 1933. Unazi ulichukua mengi kutoka Italia, lakini kiini chake kilikuwa damu na mbari, na chuki yake kwa Wayahudi iliishia katika mauaji ya watu wapatao milioni sita.

Nchini Romania kulikuwa na Jeshi la Malaika Mkuu Mikaeli, lililoanzishwa na Corneliu Zelea Codreanu mwaka 1927, ambalo lilichanganya sala, ibada ya wafu na mauaji ya kisiasa. Nchini Hispania kulikuwa na Falange, iliyoanzishwa mwaka 1933. Jenerali Franco aliiunganisha na makundi mengine mwaka 1937 akaitumia. Wanahistoria wengi humwona Franco, sawa na Salazar wa Ureno, kuwa mtawala wa kimabavu wa kihafidhina aliyeazima mavazi ya kifashisti, kuliko mfashisti kamili. Watawala hao walitaka jamii tulivu na tiifu. Wafashisti walitaka jamii iliyo katika mwendo wa kijeshi daima.

Tusiisahau Action Française ya Ufaransa, iliyoongozwa na Charles Maurras. Mtu huyo hakuwa muumini, ila alilipenda Kanisa kama chombo cha utaratibu wa taifa, na Wakatoliki wengi, wakiwemo mapadre, walimfuata. Papa Pio XI alilihukumu kundi hilo mwaka 1926, akikataa dini kugeuzwa kuwa mtumwa wa siasa. Hapo tuna onyo: anayelisifu Kanisa si lazima awe anampenda Kristo.

4. Kanisa mbele ya Mussolini

Mwezi Januari 1919, Padre Luigi Sturzo, mzaliwa wa Caltagirone huko Sisilia, alianzisha chama cha Partito Popolare. Kilisimama juu ya mafundisho jamii ya Kanisa lakini hakikuwa chini ya maaskofu. Katika uchaguzi wa mwaka huo kilipata viti 100. Sturzo alikuwa miongoni mwa waliouona mapema hatari ya ufashisti.

Lakini Vatikano ilikuwa na hesabu nyingine. Tangu Roma ilipotekwa mwaka 1870, Mapapa hawakuwa na suluhu na Serikali ya Italia. Mussolini alinyoosha mkono: misalaba ilirudi madarasani na posho za mapadre zikaongezwa. Mwezi Julai 1923, kwa shinikizo kutoka Vatikano, Padre Sturzo aliacha uongozi wa chama. Mwaka uliofuata alikwenda uhamishoni London, na hakurudi nyumbani hadi mwaka 1946.

Mwezi mmoja baada ya Sturzo kujiuzulu, tarehe 23 Agosti 1923, Padre Giovanni Minzoni, paroko wa Argenta, alipigwa kichwani na wafashisti akafa usiku uleule. Alikuwa amewakusanya vijana wa parokia yake katika kikundi cha skauti cha Kikatoliki, akakataa kuwaacha wachukuliwe na wafashisti.

Tarehe 11 Februari 1929 Kardinali Pietro Gasparri na Mussolini walitia sahihi Mikataba ya Laterano. Dola ya Mji wa Vatikano ilizaliwa, ndoa za Kanisa zikatambuliwa kisheria, na mafundisho ya dini yakaingia mashuleni. Hayo yalikuwa mafao ya kweli. Lakini miaka miwili baadaye serikali ilivamia vyama vya vijana vya Azione Cattolica, yaani utendaji wa walei wakatoliki, ikaamuru vifungwe.

Pio XI alijibu kwa waraka "Non abbiamo bisogno" wa tarehe 29 Juni 1931. Nakala zilipelekwa kwa siri hadi Paris ili zichapishwe kabla hazijazuiwa. Papa aliitaja kwa jina itikadi inayoifanya dola kuwa mungu wa kuabudiwa, akaeleza kwamba haiwezekani Mkatoliki kukubali dola iwamiliki vijana kuanzia utotoni hadi utu uzima. Hata hivyo alisema hakukihukumu chama chenyewe kwa ujumla wake. Mwezi Septemba yakapatikana mapatano: vyama vya vijana vilifunguliwa tena, kwa sharti la kubaki katika mambo ya dini na kuwa chini ya maaskofu.

5. Ethiopia: mahali tulipojaribiwa

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia bila kutangaza vita. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa. Waitaliano walitaka himaya, na walitaka pia kulipiza kisasi cha kushindwa kwao Adwa mwaka 1896. Ndege zao zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari, vijiji na mifugo, ingawa Italia ilikuwa imeridhia itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 inayoikataza. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936.

Kanisa lilisema nini? Mwezi Agosti 1935, akizungumza na wauguzi wakatoliki, Pio XI alisema kwamba vita vya kuteka tu nchi ya wengine vingekuwa vita visivyo vya haki. Lakini maneno hayo yalilainishwa yalipochapishwa, na vita vilipoanza sauti nyingi za Wakatoliki wa Italia zilishangilia. Tarehe 28 Oktoba 1935, katika Kanisa Kuu la Milano, Kardinali Ildefonso Schuster aliisifu vita hiyo kana kwamba inaifungulia Injili njia. Tarehe 18 Desemba wanandoa waliombwa kutoa pete zao za ndoa ziyeyushwe kwa ajili ya taifa, na baadhi ya maaskofu walitoa misalaba yao ya kifuani.

Nchi iliyokuwa ikifunguliwa njia ya Injili ilikuwa nchi ya Kikristo tangu karne ya nne. Askofu wake mmoja wa Kiorthodoksi, Abune Petros, alipigwa risasi hadharani Addis Ababa mwezi Julai 1936 kwa sababu hakukubali kuunga mkono utawala wa wavamizi. Baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano, tarehe 19 Februari 1937, wakazi wa mji huo walichinjwa kwa siku tatu. Mwezi Mei mwaka huo mamia ya wamonaki, mashemasi na mahujaji wa monasteri ya Debre Libanos waliuawa. Watafiti wa baadaye wanasema idadi ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoripotiwa na Graziani.

Mwaka 1940 na 1941 vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiwa katika sare za KAR, walipigana na majeshi ya Mussolini huko Somalia na Ethiopia. Walikuwa watawaliwa wanaokwenda kuwakomboa wengine, na wengi hawakurudi. Alama za vita vile bado zipo. Kanisa dogo la Mai Mahiu nchini Kenya lilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, na huko Nyeri wamezikwa Waitaliano pamoja na kamanda wao, Amedeo wa Aosta, katika kanisa la kumbukumbu. Tunapopita hapo na kusali, tuwaombee wote, na tukumbuke pia wale wa Debre Libanos.

6. Ubaguzi ulianzia Afrika, ukarudi nyumbani

Mwezi Aprili 1937 serikali ya Mussolini ilitoa amri ya kumfunga hadi miaka mitano Mwitaliano anayeishi kinyumba na Mwafrika wa makoloni. Zilikuwa sheria za mbari, na ziliandikwa kwanza dhidi ya Waafrika. Mwaka uliofuata zikafuata za Wayahudi wa Italia: watoto walifukuzwa shuleni, walimu wakaachishwa kazi, na mwezi Novemba ndoa kati ya waliohesabiwa kuwa "Waarya" na watu wa mbari nyingine zikapigwa marufuku. Marufuku hiyo iliugusa Mkataba wa Laterano wenyewe, kwa sababu Kanisa halimnyimi mbatizwa ndoa kwa ajili ya damu yake. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kichwa cha Mwafrika kiliponyolewa, wengi nchini Italia hawakutia maji.

Pio XI alikuwa ameona mbali zaidi kwa miaka hiyo. Waraka wake "Mit brennender Sorge", ulioandikwa kwa Kijerumani dhidi ya mafundisho ya Wanazi, uliingizwa Ujerumani kwa siri na kusomwa makanisani Jumapili ya Matawi, tarehe 21 Machi 1937. Mwezi Septemba 1938 aliwaambia mahujaji kutoka Ubelgiji kwamba haiwezekani Mkristo kushiriki chuki dhidi ya Wayahudi, kwa kuwa kiroho sisi sote ni wana wa Abrahamu.

Naye Kardinali Schuster? Tarehe 13 Novemba 1938, katika kanisa kuu lilelile la Milano, aliuhukumu ubaguzi wa mbari kuwa ni uzushi dhidi ya imani. Mwaka 1996 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri. Hatumtaji ili kumwaibisha. Tunamtaja kwa sababu ndiye mfano ulio karibu nasi zaidi: mchungaji mwadilifu, mtu wa sala, aliyechukua miaka mitatu kuona katika jirani yake Myahudi kile ambacho hakukiona katika Mwethiopia.

7. Sisi tunajifunza nini?

Mwaka 1931 Papa alipowatetea vijana wa Kanisa, sauti yake ilikuwa wazi. Mwaka 1935 walipouawa watu wa mbali, sauti nyingi zilififia. Hapo ndipo penye kiini cha suala. Kanisa linaloitetea mipaka yake peke yake, yaani shule zake, misafara yake na misaada yake, linaweza kupewa vyote hivyo na mtawala mwovu, kisha likabaki na deni la ukimya.

Mafundisho jamii ya Kanisa yanatupa vipimo. Hadhi ya binadamu inatangulia dola, kwa kuwa inatoka kwa Mungu. Kanuni ya auni, iliyofafanuliwa katika waraka "Quadragesimo Anno" wa Mei 1931, inafundisha kwamba kinachowezekana kufanywa na familia au jumuiya ndogo kisinyakuliwe na mamlaka kubwa. Mshikamano hauishii mpakani. Kuipenda nchi yako ni fadhila. Kuiabudu ni dhambi dhidi ya amri ya kwanza.

Kwa hiyo, badala ya kurushiana neno "fashisti", tunaweza kuulizana katika jumuiya zetu ndogondogo na katika madarasa ya seminari: Je, kuna kundi la watu linalolaumiwa kwa kila shida? Je, vijana wanalipwa kutisha wengine, na sheria inatazama pembeni? Je, kiongozi anasifiwa kwa maneno ambayo tumezoea kumwambia Mungu? Je, sadaka kubwa inapoletwa altareni na mwanasiasa, kuna neno ambalo tunaacha kulisema Jumapili inayofuata?

Swali la mwisho tunalielekeza hasa kwetu sisi tunaojiandaa kwa upadre. Padre Minzoni hakuwa mwanasiasa. Alikuwa paroko aliyewajua vijana wake kwa majina na akakataa kuwatoa. Kazi hiyo haihitaji cheo, na haisubiri udikteta ufike. Inaanza na utayari wa kusema jina la aliyeonewa, hata akiwa si wa kabila letu, si wa dini yetu, wala si wa nchi yetu.